Vipigo vya Kismayu na Mpira wa Koyama

Sikwenda Kismayu kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu dada yangu Esha alinipigia simu akanisimanga.

"Omari," alisema, "wewe si mwalimu wa mpira hapo Mombasa? Au ni mdomo tu?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, na vikombe viwili ninavyo kabatini, aje avione. "Viache vikombe kabatini," akasema, "uje umwokoe mpwa wako."

Esha anakaa kisiwa cha Koyama, kusini ya Kismayu. Siku hiyo alikuwa amevuka kuja mjini, ndiyo maana simu ilishika. Mwanawe Lali anasomea uuguzi katika chuo kimoja hapo Kismayu, na ndiye kapteni wa timu ya chuo. Chuo kile huwalaza na kuwalisha bure wachezaji wake, na wengi wao ni vijana wa visiwani wasio na nyumba mjini. Sasa timu ilikuwa imefungwa mechi zote tangu ligi ya mji ianze. Kocha alikuwa ameondoka katikati ya msimu. Na mkuu wa chuo alikuwa ametoa neno lake: wakimaliza ligi bila ya kushinda hata mechi moja, timu inavunjwa, na vyumba vyao wanapewa wengine.

"Vyumba vikienda, Lali anarudi kisiwani," Esha akasema. Hapo sauti ilibadilika. "Babake alikufa mashuani, Omari, tukimkimbiza hospitali kwa kidonda cha mguu. Kidonda tu! Kule kwetu hapana mchu, hapana hata mtu mmoja, ajuaye kufunga bendeji. Mimi mwanangu simtaki nyumbani. Namtaka asome."

Shule zilikuwa zimefungwa. Mke wangu alinitazama nikipanga nguo, akaniuliza, "Na hilo tumbo ndilo litakalokimbia?" Nikamjibu kocha hakimbii, kocha hupiga kelele. Akasema kwa hilo basi hana wasiwasi nami.

Nairobi, alfajiri, nilipanda ndege ndogo iliyojaa wafanyabiashara na maboksi. Mimi nilitoka Kismayu mtoto mdogo, wakati wa vita, nimebebwa mgongoni na huyo huyo Esha. Hata sura ya mji sikuwa nayo, nilikuwa na harufu tu, ya samaki wa kukaushwa na moshi wa udi. Mlango wa ndege ulipofunguliwa sikuinusa. Ulinipiga upepo wenye mchanga, nikapata mchanga hadi menoni. Nikasema, alhamdulillahi, ndio kwetu huku.

Lali alinipokea nje. Kijana mrefu, mashavu yameingia ndani, akanibusu mkono. "Mjomba, umekuya kweli!" Tukapanda bajaji, na kila tulipopita, watoto walimwita kwa jina na kumwonyesha vidole vya mkono mmoja. Nikadhani wanamsalimu kwa upendo.

"Wanasema nini?"

"Tano bila," akasema. "Ndiyo mechi ya Ijumaa iliyopita, Mjomba."

Chuoni nilipewa chumba karibu na wachezaji na sahani ya wali wenye ndizi mbivu juu yake. Ndizi juu ya wali! Nikaisogeza kando. Kijana mmoja Msomali jina lake Guled, mwembamba, miguu mirefu, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kama siitaki. Akaimaliza yeye. Baada ya siku tatu nilikuwa nadai ndizi yangu mwenyewe.

Asubuhi ya pili, kabla sijaiona timu ikicheza, nilikwenda kumsalimu kocha aliyeondoka. Huwezi kuingia kazi ya mtu hujamwamkia, hata kama kazi imemshinda. Kocha Farhan alikuwa na duka la vipuri vya bajaji karibu na bandari. Alinipokea kwa uso wa kukunja, lakini chai alinipa, tena ya maziwa, yenye iliki.

"Maalim," akasema, "hawakunifukuza. Nimeondoka mwenyewe. Vijana wale ni wavivu."

"Wote?"

"Wote. Tazama." Akapanga bolti na nati mezani kama wachezaji. "Kipindi cha kwanza, upande wa kulia hawaendi. Nikabadilisha winga wa kulia. Kipindi cha pili, wa kulia anakwenda vizuri, wa kushoto hawapi mpira. Nikabadilisha wa kushoto. Mechi ijayo, hivyo hivyo. Wanasongamana upande mmoja, upande wa pili uwanja mtupu, adui anapita hapo na kufunga. Nimepiga kelele mpaka sauti imekatika. Kama kuna jini upande ule, waryaa, ewe bwana, waniambie, nilete masheikh!"

Moyoni nikasema, huyu bwana hajui kufundisha. Nikamshukuru kwa chai.

Jioni, baada ya Alasiri, niliwatoa uwanjani. Uwanja wa mji ni wa mchanga mgumu, ukuta pande zote, na mechi zote za ligi huchezwa hapo. Niliwakimbiza, nikawapigisha pasi, nikawapanga. Mazoezini walikuwa wazuri, wallahi. Wanachezea mpira kwenye nafasi ya upana wa mkeka, kitu ambacho wanafunzi wangu wa Mombasa hawakiwezi. Nikajiambia kazi imekwisha, kilichobaki ni kuwatia moyo.

Ijumaa ilipofika tukafungwa tatu kwa moja.

Na niliyaona kwa macho yangu yale aliyoyasema Farhan. Kipindi cha kwanza upande wa kulia umekufa. Guled amesimama huko peke yake, mikono juu, anaita, hakuna anayemtazama. Tumegeuka upande baada ya mapumziko, sasa upande uliokufa ni wa kushoto. Wenzetu waligundua mapema, wakawa wanapita huko wanavyotaka. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Nilipotazama nyuma, Farhan alikuwa ukutani ananiangalia. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Nyuma yangu mkuu wa chuo akasema polepole, "Maalim, zimebaki mbili."

Usiku ule hakuna aliyekula. Lali aliingia chumbani kwangu akakaa chini. "Mjomba, mwambie mama nimejaribu," akasema, akalia waziwazi. Alikuwa amekwisha kufunga begi lake moyoni.

Wiki iliyofuata ligi ilisimama, uwanja ulikuwa na shughuli ya wakubwa. Esha akatuma neno kwa mvuvi: niwalete vijana wote Koyama wale samaki, maana aliyepigwa huwezi kumfunza kitu na tumbo tupu. Nikaona ni rai njema. Tukapanda mashua ya injini, timu nzima, Wabajuni wa visiwani na Wasomali wa mjini, na Guled akitapika njia yote. Kina Lali walimcheka mpaka wakasahau kufungwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka.

Koyama, mchana, tulipokewa kwa vigelegele kana kwamba tumeleta kombe. Esha alinishika uso kwa mikono miwili. "Umenona, ndugu yangu!" akapiga ukelele mbele ya watu wote. "Mombasa wanakulisha kwa mkopo?" Tukaketishwa mkekani tukaletewa mikate ya mofa, samaki wa kupaka na pweza wa nazi. Hatukuinua vichwa mpaka sinia zilipobaki miba.

Alasiri, maji yalipotoa, vijana wa kisiwani wakaja na mpira. Uwanja wao ndio ule ufuo, mchanga uliobaki mgumu maji yakirudi nyuma. Upande mmoja ni minazi na nyumba. Upande wa pili mstari ni bahari yenyewe. Wakacheza kisiwa na chuo, na mimi, nikiwa nimeshiba na kujiona, nikavua viatu nikasema nitacheza beki.

Haikupita muda mpira ukanijia. Nikamwona Guled upande wa majini, yuko huru, hana mtu. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote za zamani. Ukapita juu ya kichwa chake, ukaanguka baharini.

Basi wachezaji wote wakakaa chini.

Nikadhani wamechoka. Wengine wakalala kabisa, mikono chini ya kichwa. Mmoja akaanza kufukua kaa mchangani. Nikasimama nikingoja mtu aufuate mpira. Mpira wenyewe ulikuwa unakwenda zake, mkondo umeushika.

"Mjomba," Lali akasema kwa aibu, "ni wako huo."

"Wangu vipi?"

Esha alikuwa amekaa na wanawake kwenye kivuli cha nyumba. Akaniitia kutoka huko: "Aliyeupiga baharini huufuata mwenyewe! Hakuna wa kumfuatia mchu mpira! Ndiyo sheria hapa, tangu babu zetu! Na ukipotea, mpira hapana tena mpaka mashua iende mjini. Ogelea, kocha!"

Nikaogelea. Msiniulize nilivyoogelea. Kisiwa kizima kilisimama kutazama tumbo langu likipanda na kushuka na mawimbi, na vikongwe waliokuwa ndani wakaitwa waje waone. Niliupata mpira mbali, nikaukumbatia, nikapumzika juu yake nikitazama ufuo. Na pale, ndani ya maji, nikawaona wachezaji wangu wamekaa mchangani. Vijana wa visiwani wote walikuwa wamekaa upande wa minazi. Hata wakati wa kupumzika hawakukaribia mstari wa maji.

Subhanallah! Nikacheka peke yangu mle baharini mpaka nikameza maji ya chumvi.

Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefunzwa. Tangu wanaanza kutembea, kila mpira uliopigwa upande wa bahari ulikuwa na adhabu yake: uogelee, wenzako wakungoje wakikulaani, na ukiupoteza ndio umewanyima watoto wa kisiwa kizima mchezo. Ndiyo maana wakajifunza kupita kwenye nafasi ndogo, upande wa nyumba. Na uwanja wa Kismayu, ijapokuwa una ukuta, bahari iko upande mmoja nyuma ya ukuta ule, na mtoto wa kisiwani huijua bahari iko wapi hata akifungwa kitambaa machoni. Kipindi cha kwanza iko kuliani kwao. Wakigeuka, iko kushotoni. Jini la Farhan lilikuwa hilo.

Nilipotoka majini nikawauliza. Wakatazamana. Lali akasema, "Wallahi Mjomba, sijawahi kufikiri. Miguu yenyewe haitaki."

Kujua ni kitu kimoja, kuitoa miguuni ni kingine. Niliwaamrisha wapige upande wa maji, wakapiga mara mbili, wakarudi kule kule kwenye minazi. Niliwatishia, nikawabembeleza, wapi! Aliyetutoa hapo ni Esha. Wanawake wa Koyama maji yakitoa huenda kwenye mwamba kuokota kombe za baharini na kuchokoa pweza, nguo wamekunja, miguu majini. Siku ya pili aliwakusanya, akawapanga ndani ya maji ya magoti, mstari mzima, mama zao, shangazi zao, nyanya zao.

"Haya, pigeni!" akawaambia wanetu. "Mpira ukija huku tunao sisi. Leo hakuna wa kuogelea."

Wakaona haya. Nani ampigie mamake mpira? Lali akaupiga mmoja wa woga, ukafika kwa Guled, Guled akautia krosi, bao. Wanawake majini wakapiga makofi. Wa pili ukatoka nje, bibi mmoja akaudaka kifuani na kuurusha tena, akimtukana mjukuu wake kuwa mguu wake kama kijiti cha mswaki. Baada ya hapo ikawa raha tupu. Yeyote aliyekuwa na mpira mwenzake alimpigia kelele, "Kwa mama! Kwa mama!" na mpira ukaenda upande wa bahari. Kina Guled nao wakapiga kelele kwa lugha yao, "Hooyo! Hooyo!" maana ni mama yule yule. Siku zote tulizokaa Koyama, kila maji yalipotoa, mama hao waliingia majini. Pweza waliliwa wachache wiki ile.

Siku ya kuondoka Esha alinipa kikapu cha samaki wa chumvi, akanivuta kando. Hakutania. "Ukimrudisha hapa na begi lake, sitakulaumu," akasema. "Lakini usimrudishe."

Kismayu tena, Ijumaa. Tulitoka sare, moja kwa moja. Kipindi cha kwanza miguu ilisahau, cha pili ikakumbuka. Wachezaji walirukaruka kwa furaha, pointi yao ya kwanza msimu mzima. Nikamtazama mkuu wa chuo kama atalainika. Akasema sare ni nzuri, lakini neno lake lilikuwa kushinda. Nilimchukia kidogo siku ile, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na hilo lina pande zake mbili.

Ijumaa ya mwisho uwanja ulijaa, watu wamekuja kutuzika. Wenzetu walikuwa wa pili katika ligi. Wakatufunga mapema, watoto ukutani wakaanza kuinua vidole vyao. Mimi nilikuwa nimeapa kutopiga kelele, nikauma kitambaa changu cha kichwa.

Ikatokea sauti ya Lali kutoka katikati: "Kwa mama!"

Mpira mrefu ukakata uwanja, upande wa bahari, Guled akauchukua akiwa peke yake, mbio, krosi, goli. Wenzetu wakatazamana. Baada ya mapumziko tukageuka, bahari sasa kushoto, wao wamejazana kulia kumlinda Guled. "Hooyo!" Guled mwenyewe akaita, akanyoosha mkono ng'ambo ya pili. Lali akaupeleka kushoto, kijana wa Koyama akaupokea, akaurudisha ndani, Lali akautia wavuni kwa kichwa. Mbili moja. Muda uliobaki sikuuona, nilikuwa nimejifunika kitambaa, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa na niliyojitungia. Refa alipopuliza, mtu mmoja alinibeba juu. Nilipofunua macho nikaona ni Farhan.

"Jini amekwenda wapi?" akaniuliza.

Jioni hiyo tulikaa dukani kwake nikamweleza yote. Akashika kichwa. "Miezi mitatu nimewatukana," akasema. Nikamwambia mimi nilianza kwa kumtukana yeye moyoni, kwa hiyo tuko sawa. Shule zangu zilikuwa zinafunguliwa, na timu haiwezi kufundishwa kutoka Mombasa. Nikamwomba arudi. Alijitia kufikiri kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha akakubali. Asubuhi mkuu wa chuo akathibitisha: timu inabaki, vyumba vinabaki. Tulimaliza ligi tukiwa wa mwisho, chini kabisa, na vijana walisherehekea mpaka wapangaji wa karibu wakalalamika.

Nilikwenda nikidhani nawapelekea mpira. Mpira walikuwa nao wa kutosha, hata kunizidi. Walichohitaji ni mtu wa kwenda kuona walikojifunzia, kabla ya kuwaita wavivu. Mwaka huu, mwanafunzi akinikwamia uwanjani, nitauliza kwanza kwao kuko vipi.

Niliamua kurudi kwa njia ya bahari, nipitie Koyama, kisha Ras Kamboni, nivuke hadi Kiunga na kushuka Lamu. Simu za kisiwani zilikuwa hazishiki tangu mwanzo wa wiki, na hakuna mashua iliyotangulia kufika. Kwa hiyo Koyama hawakujua lolote.

Tuliingia maji yakiwa yametoa. Wanawake walikuwa mbali kwenye mwamba, wameinama. Mmoja akainuka akaacha kapu lake, akaja akitembea ndani ya maji, kisha akasimama pale yanapofika magotini. Alitazama wanaoshuka. Akashuka mfanyabiashara wa unga, nikashuka na mimi. Akaendelea kutazama nyuma yangu, ndani ya mashua.

"Lali yu wapi?" Esha akauliza.

"Haji."

"Yu mgonjwa?"

"Mzima. Haji, dada yangu. Yuko chumbani kwake anasoma. Ana mtihani."

Alibaki amenikodolea macho, mdomo wazi, maji yakimpiga miguuni. Halafu akaachia kigelegele kimoja kirefu, na kutoka kule mwambani wakamwitikia wote. Nahodha wa mashua akaniuliza leo hapa kuna harusi ya nani. Nikamwambia hakuna harusi, ni mama ameambiwa mwanawe haji nyumbani.